Mfuo wa Mrazovets

Bomba jipya lingepita mbele ya lango la Bibi Stoyna, lakini bibi mwenyewe asingepata hata tone.

Chemchemi ya kijiji cha Mrazovets iko juu kabisa, chini ya misitu ya misonobari. Maji hushuka yakapita Mtaa wa Juu, nyumba chache zilizong'ang'ania mteremko, ndipo yakafika Mtaa wa Chini penye kanisa, duka na watu. Injinia Kapka, mwanamke aliyetumwa kutoka mjini, alikuwa na amri moja: mabomba ya nyumbani ni kwa nyumba zilizo ndani ya mpaka wa kijiji. Hati za mpaka ziliungua zamani pamoja na ofisi ya kijiji. Kwa hiyo akasema atachora kwa ushahidi wa mzee anayeaminika, mbele ya wote.

Mrazovets ushahidi wa namna hiyo hutolewa mahali pamoja tu: kando ya sufuria ya kurbani, nyama ya kondoo wa sadaka, siku ya Mtakatifu Iliya mwenye radi na mvua, mkono ukiwa juu ya mkate. Anayesema uongo pale huliletea bonde zima mvua ya mawe, na plamu zikaanguka kabla ya kuiva.

Nao mpaka ulijulikana. Enzi za Waturuki, tauni ilipokuwa ikipanda bonde, vijana wawili mapacha walifunga plau kwa maksai wawili weusi, pacha vilevile, wakalima mfuo kukizunguka kijiji ili ugonjwa usivuke. Mfuo ulipita chini ya Mtaa wa Juu, ukauacha nje. Tangu hapo watoto wa Chini waliwaita wa Juu mabaki ya tauni. Wa Juu nao walijibu kwamba mwenye damu nzito hahitaji kukingwa na ng'ombe. Kwa jibu hilo Mincho, mjukuu wa Stoyna, aliwahi kung'olewa jino shuleni, naye akang'oa mawili.

Sasa Mincho alikuwa mwashi, mtu mzima wa mabega mapana na hasira za karibu. Machi iliyopita alimkuta bibi yake amelala kwenye barafu njiani kutoka kisimani, ndoo imemwagika, sketi imegandia ardhini. Mama yake Mincho, anayeishi mjini Pleven, alikuwa tayari ametandika kitanda katika nyumba yake ya ghorofani. Akasema kama hakuna bomba kabla ya theluji, Stoyna hatalala majira mengine ya baridi mlimani. Bibi Stoyna alijibu kwamba Pleven atapelekwa akiwa maiti, na hata hivyo jeneza halitaenea kwenye lifti.

Mincho akashuka kwa Parvan, mwenyekiti wa kijiji, akiwa amejiandaa kwa ugomvi. Hakuupata. Parvan alimmiminia pombe ya plamu, akasema jambo lenyewe ni dogo: shangazi Stoyna, alivyomwita kwa heshima, aweke mkono juu ya mkate aseme mfuo ulipita juu ya nyumba yake, upande wa mlimani, ukaiweka ndani. Nani atambishia? Wote watatazama vijiko vyao.

"Na mvua ya mawe?" Mincho aliuliza.

"Iliya naye kazeeka. Si kila kitu anasikia."

Mincho alimweleza bibi yake jioni ileile. Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakusema ndiyo wala hapana, naye Mincho akauchukua ukimya wake kuwa ndiyo. Mtu aliyelelewa na Stoyna alipaswa kumjua vizuri zaidi.

Siku ya sikukuu nyama ya kondoo ilichemka tangu alfajiri karibu na jiwe la msalaba lililo kando ya mfuo. Sufuria kubwa ya Chini ilikuwa upande wake, na ndogo ya Juu upande wa pili wa mfuo, ambao siku hizi ni bonyeo tu kwenye majani. Padri alibariki zote mbili akaondoka. Kapka akakunjua ramani juu ya meza. Parvan akauleta mkate, akauliza kwa sauti ya ofisi mfuo wa wazee unapita wapi.

Bibi Stoyna akaweka kiganja juu ya mkate.

"Unapita chini ya nyumba yangu."

Watu waliokwisha kuinamia vijiko waliinua vichwa. Mincho akasogea karibu.

"Bibi, jua limekuchosha."

"Jua na mimi hatuna ugomvi. Nyamaza, nimeshika mkate." Akamgeukia Parvan. "Wale mapacha walikuwa watoto wa nani?"

Parvan alisema wa Chini, bila shaka. Ndivyo kila mtu alivyojua.

"Walikuwa wa kwetu. Tauni ilikuwa imeshaingia nyumbani mwao, mama yao Dobra ana jipu kwapani. Walitaka kupitisha plau upande wa juu wa nyumba. Yeye akatoka uani akawaambia, pitisheni chini, msiufungie ugonjwa ndani pamoja na watu. Wakapitisha chini, anawatazama. Walipomaliza wakarudi kwake, upande wa nje. Mmoja akafa naye. Aliyebaki ndiye aliyetuzaa sisi. Hakuna aliyetuacha nje. Tulijitoa wenyewe, ninyi mkaishi. Halafu mnataka nije niseme hapa kwamba Dobra hakufanya kitu, kwa ajili ya bomba?"

Supu ilikuwa ikitokota peke yake. Parvan alivua kofia, akaishika bila kujua aiweke wapi.

"Shangazi, miaka yote hii mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnatuita mabaki ya tauni. Ningewaambia ninyi?"

Ndipo Mincho alipolipuka. Alisema basi na wa Chini wasipate maji, atapanda sasa hivi akaizibe chemchemi kwa mawe na saruji, na asiyetaka amfuate. Bibi yake alimwambia aketi ale, maana mtu mwenye njaa hachanganyi saruji vizuri. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi.

Bilyana na Nevena, mabinti mapacha wa Parvan waliokuja kutoka mjini Sofia kwa sikukuu, walikuwa wakinong'onezana. Bilyana akamuuliza injinia: kama mpaka ni mfuo, basi mfuo ukilimwa upya mpaka ni upi. Kapka alifikiri, akakunja ramani. Akasema kesho ndiyo siku yake ya kupima, na yeye huchora anachokiona ardhini.

Siku ya Iliya hakuna agusaye plau. Walingoja asubuhi.

Maksai pacha hawakupatikana. Wakafungwa punda wawili wa Parvan, ambao angalau walichukiana kama ndugu. Nevena aliwaongoza na Bilyana akashika mpini, akiwa na viatu vyeupe vya mjini, huku Parvan akitembea kando akiwafundisha binti zake kazi ambayo aliwasomesha ili wasiifanye. Walianzia kwenye bonyeo la zamani, wakapanda kuzizunguka zile nyumba chache za Juu. Nyuma ya zizi la mwisho Bibi Stoyna alisimama mbele ya punda.

Alionyesha juu zaidi, kwenye vichaka vya miiba, penye jiwe lisilo na jina. Dobra alizikwa pale. Bibi akasema safari hii Dobra awe ndani.

Mincho alitazama. Pale palikuwa mwamba mtupu chini ya udongo wa shibiri moja. Plau ingevunjika. Alimwambia bibi yake hivyo, naye akamuuliza kwani yeye ni mwashi wa nini.

Akaenda kuchukua sululu. Alichimba mpaka jua likapita utosini, na wanaume wawili wa Chini walikuja na mitaimbo bila kuitwa. Kapka alingoja juu ya sanduku la vifaa vyake, akinywa mtindi. Mwamba ulipopasuka vya kutosha punda walipita, mfuo ukapinda kama nyoka aliyekanyagwa, ukashuka, ukakutana na mwanzo wake.

Bibi Stoyna aliufuata wote kwa fimbo. Kwenye kona ya jiwe la Dobra aliinama, akachomeka kidole ardhini, akasema hapa ni kina cha mchezo, rudieni.

Nevena alitukana kwa matusi ya mjini, akawageuza punda.