Mkuyu wa Bibi Haukuwa na Namba

Usiku wa jana niliota, na ndoto yenyewe nitaieleza kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi wala kupunguza mbuzi.

Kwanza niseme ukweli wa mchana. Niko likizo kwa Bibi yangu, kijijini Kwefivi, juu kabisa milimani, ambako ndiko unakoanzia mto unaonywewa na mji mzima huko bondeni. Watu wa maji wa mjini wamepatana na wanakijiji hivi: ninyi msikate miti ya chemchemi, msilime kabichi kando ya mto, nasi kuanzia mwaka wa tatu tutawapa kila mwaka mizinga ya nyuki na miche ya parachichi. Kila mti unaohifadhiwa huandikwa namba kwa rangi nyeupe. Shamba likikutwa limepungua mti hata mmoja, linatolewa kwenye mapatano. Bibi aliacha kulima kabichi pale chemchemini miaka mitatu iliyopita, majirani wakamcheka hadi wakashika mbavu. Asipopata mizinga mwaka huu, atabaki na kicheko chao tu.

Ukaguzi ulikuwa leo asubuhi. Kwa hiyo jana Bibi alinikabidhi kopo la rangi na brashi.

"Mume wangu," aliniambia, "miti ni thelathini na moja. Usirudie, usiruke, usilete mambo yako ya shule."

Nilifika thelathini salama. Wa thelathini na moja ulikuwa mkuyu wa chemchemini, mkubwa kuliko yote, na chini yake alikuwa amelala beberu wa Mjomba Kihiyo. Ubavu wake ulikuwa mpana, mweusi, hauna hata doa. Mimi ni binadamu. Nikamwandika 31.

Beberu akaamka, akanipiga kichwa, na rangi yote iliyobaki ikaishia kwenye suruali yangu. Nikamwambia Bibi kazi imekwisha. Nikala makande, nikapanda kitandani na shati langu la shule, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Naota niko gwaride la asubuhi shuleni. Wanafunzi hawapo. Waliopanga mistari ni miti, imevaa sare, imechomekea. Mwalimu wa zamu ni Futikamba, ule utepe wa kupimia, amejizungusha kiunoni mwake mwenyewe, anaita namba.

"Ishirini na tisa!"

"Nipo!"

"Thelathini!"

"Nipo, mwalimu, ila nina mchwa."

"Thelathini na moja!"

"Meee."

Futikamba anamsogelea beberu na kumzunguka kifuani, kwa sababu kanuni inasema mti hupimwa kwenye kimo cha kifua.

"Sentimita themanini na nne. Afya njema. Matawi mawili, yote kichwani."

"Asante, mwalimu," anasema beberu. "Mizizi nitaota muhula ujao."

Nyuma kabisa, mkuyu unanyoosha tawi. "Samahani, mwalimu. Mimi sijaitwa."

"Namba yako?"

"Sina."

"Basi hupo."

"Lakini nina ndege wamekaa juu yangu."

"Hao nao hawapo."

Ndege wananyamaza papo hapo. Ni ndege watiifu.

Shoka linatoka ofisini limevaa tai. "Kwa kuwa mti huu haupo," linasema kwa upole, "nikiukata sitakuwa nimekata kitu."

Nageuka nimtafute mtu wa kumsingizia, na hapo hapo uwanja wa gwaride umekuwa mjini, mbele ya bomba. Bomba linakohoa. Linakohoa mara ya pili, linatema chura aliyekauka, linaomba radhi. Nyumba za mji mzima zimepanga foleni na ndoo zao.

"Shikamoo, mkuyu," zinasema nyumba ndogo. Ghorofa haliwezi kuinama, linaamkia kwa kufumba madirisha.

"Marahaba, wanangu. Ila naambiwa sipo."

"Usipokuwepo, sisi tutakunywa nini?" linauliza jiko moja kutoka ndani ya nyumba yake.

Katikati ya foleni namwona Bibi. Ameketi juu ya kabichi lenye ukubwa wa kigoda.

"Nilikwambia, Bibi," linasema kabichi. "Wamekuchezea. Mimi na wenzangu turudi?"

"Koma, wewe!" anasema Bibi. "Namba aliandika mume wangu. Atasema mwenyewe."

Mji mzima unanitazama, hadi milango. Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu, lakini nikaukuta wote uko kwenye foleni, umeshika ndoo.

"Ni mimi," nasema. "Namba ni ya mkuyu. Nilimpa beberu."

"Beberu, rudisha namba!" anaamuru Futikamba.

"Hairudishwi. Jumamosi Mjomba Kihiyo anamwoza binti yake, na pilau ni mimi. Sasa nimekuwa mti wa hifadhi. Mti wa hifadhi haukatwi, hauchunwi, wala hauwekwi viungo."

Futikamba anafungua kitabu cha kanuni, anasoma, anakifunga. "Kweli. Hauwekwi viungo."

Shoka linaanza kujinoa kwenye ukingo wa barabara. Rangi imekwisha. Majani ya mkuyu yanaanguka moja moja, na kila moja kabla halijafika chini linaniambia, "Ahsante, eh."

Ndipo napapasa kola ya shati langu. Hapo Matroni Sechonge alinishonea namba yangu ya bweni, 214, kwa uzi mwekundu, tangu siku aliponikuta nimevaa mashati matatu ya watu.

"Mpeni mkuyu yangu," nasema.

"Asiye na namba hayupo," ananionya Futikamba. "Hutaitwa darasani. Hutahesabiwa kwenye foleni ya uji."

Nikaufikiria uji wa shule kwa sekunde mbili. Ya pili haikuhitajika.

"Mpeni."

Uzi unajifumua wenyewe kolani na kujiingiza kwenye tundu la sindano ya Matroni, iliyotokea hewani.

"Utaumia kidogo, mzee," sindano inauambia mkuyu.

"Shona tu, mwanangu. Mimi nimeishi na vigogota na midomo yao."

Inashona. Futikamba anavuta pumzi hadi sentimita ya mwisho.

"Mia mbili na kumi na nne!"

"NIPO!"

Weee! Ndege wote wanaanza kuimba kwa mpigo, kila mmoja wimbo wake. Bomba linacheka maji. Nyumba zinarusha ndoo juu, ghorofa linacheza na kumwaga wapangaji wake taratibu kwenye nyasi. Nyuki wanapanda mlima wamejitwika mizinga kichwani, wanapiga vigelegele. Shoka linavua tai na kuomba kazi ya kupasua kuni zilizoanguka zenyewe. Hata kabichi linapiga makofi kwa majani yake ya nje.

Ila mimi sipo. Natembea katikati ya sherehe, hakuna anayenigusa. Naita, sauti haitoki.

"Mume wangu yuko wapi?" anauliza Bibi.

"Hayumo kwenye orodha," anajibu Futikamba.

"Orodha yako peleka huko. Mimi namjua kwa masikio." Ananyoosha mkono kwenye hewa tupu, anapapasa, analikamata sikio langu, analivuta.

Nikaamka. Bibi alikuwa ameshika sikio langu, analivuta.

"Amka, mvivu! Jua liko utosini. Wakaguzi wamekuja, wamehesabu, wameondoka."

"Wamepata mingapi, Bibi?"

"Thelathini na moja. Kamili! Mizinga inakuja Jumatatu, na hao waliokuwa wananicheka sasa wananiita dada." Akacheka, halafu akakunja uso. "Ila Mjomba wako anamvuta beberu wake tangu alfajiri. Kang'ang'ania pale chini ya mkuyu, hang'oki."

Nikavuta shuka hadi kidevuni, kama inavyompasa mtu mwema.

"Halafu jambo lingine." Bibi akaliachia sikio langu, akaketi kitandani, akapunguza sauti. "Miti mingine yote umeandika kwa rangi. Nani kakufundisha kushona mti?"

Nikapeleka mkono kolani. Palikuwa na matundu madogo tu ya sindano.