Nguo ya Kuzikiwa Naigaga

Darasa la utamaduni pale Buwenge huanza saa mbili asubuhi, meza ya kukatia ikishafutwa. Wasichana walikuwa wakishona vipochi vya nguo ya gome la mti wa mutuba, vya kuuzwa hotelini Jinja, marehemu Naigaga alipoingia akaketi benchi la nyuma. Hakuwa na nguo. Walipiga magoti wakamsalimu, adabu ya Kisoga, kisha wakafungua madirisha kwa sababu ya harufu.

Mwalimu wao, Kagoya, alikuwa bintiye, na alijua mama amefuata nini. Nguo yake ya gome aliitengeneza kwa kuigonga nyundo marehemu mumewe, na mama akaitunza sandukuni miaka yote ili azikiwe nayo. Trevor, mkuu wa mradi wa vipochi, aliiazima kwa siku ya maonyesho tu, akaapa kuirudisha. Aliikatakata vipochi mwenye nguo angali hai. Mama alipofariki akazikwa na shuka la maua la dukani, na huko kuzimu alikokwenda wahenga wakamvua mlangoni.

Trevor alifika kutoka kwao Mbale akitafuna chapati ya mayai, mafuta yakimchuruzika kidevuni.

"Madamu, mama yako anataka nini hapa?"

"Nguo yake, bwana. Ulisema utarudisha."

"Ile iko vipochi sasa, iliisha kuuzwa. Utamaduni ni mali, madamu. Mali haiozi kwa udongo."

Aliyasema hayo mbele ya maiti, akilamba vidole.

Naigaga aliokota mabaki sakafuni, vipande vya ukubwa wa kiganja, akaomba sindano, akaanza kuviunga ajisitiri. Kagoya alimkatia uzi huku akilia. Hadi jioni kitambaa kilikuwa kimemfika kiunoni, mshono wake laini kuliko wa yeyote darasani.

Trevor akakigeuza-geuza mikononi.

"Ana mkono mzuri huyu," alisema, akakikunja akakitia kwenye mzigo wa Jinja.

Kesho yake Naigaga alirudi, akaokota tena. Kagoya humfunika kwa leso yake, lakini leso humdondoka kila mara, maana siyo aliyojiwekea ya kuzikiwa. Kila jioni kitambaa hukaribia kumtosha, na kila jioni Trevor hukichukua. Wageni wakija kutembelea mradi, Trevor huwapeleka mpaka benchi la nyuma, wao wakiwa wameziba pua, akawaambia hajapata mfanyakazi kama huyu: hachelewi, haumwi, na chakula cha mchana hali.