Uso wa Biarusi Nassra

Nassra alikuwa kawekwa ndani, kama wanavyowekwa mabiarusi wetu, chumba cha juu nyumbani kwao Malindi, madirisha yamefungwa jua lisimguse. Harusi Ijumaa. Na uso, jamani, umejaa chunusi, nyekundu, zimevimba, ukigusa moja inauma mpaka sikioni.

Somo yake, kungwi wa kumtengeneza, ni Bi Mize. Mtu mwema huyo, usimfikirie vibaya, kawasinga mabiarusi wa mtaa mzima, hata mama yake Nassra alimsinga yeye. Asubuhi na jioni anakuja na bakuli la singo ya kusugulia mwili, ya karafuu, mawaridi makavu na liwa, imesagwa na chenga zake, anamsugua mashavu kama anakwangua ukoko. Nassra akilalamika, anaambiwa huo uchafu unatoka. Na tena chunusi hizo ni hamu za mume, anacheka Bi Mize, akiolewa zitaondoka zenyewe. Shangazi Radhiya naye kaleta ndimu na dawa ya meno za kupaka usoni. Kila mtu na lake. Mwenye uso hakuulizwa.

Kumbe Nassra keshakwenda kwa daktari wa ngozi kabla hajatiwa ndani. Kaambiwa chunusi si uchafu wala si hamu. Mafuta ya ngozi yanaziba vitundu, na kusugua kunazichokoza. Aoshe taratibu kwa sabuni laini, asikamue, apake krimu, na asubiri wiki nyingi, dawa hiyo haina haraka. Lakini krimu kaichukua Bi Mize, eti inaharibu biarusi. Simu iko kwa mama. Pa kutokea ni ngazi moja tu, na ngazini wamejaa mashangazi.

Jumatano jioni akajitazama kwenye kioo. Shavu limechubuka, linatoa maji. Akamsikia Bi Mize anapanda. Akatia komeo.

"Fungua, mwanangu. Singo inakauka."

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Fungua."

"Sifungui. Nipitishie krimu yangu chini ya mlango."

"Utakwenda kwa mume na uso huo?"

"Huu ndo wangu. Sina mwengine."

Wakanong'ona huko nje, Bi Mize na mama na mashangazi, wee, mpaka mama akasema, "Mpe, Bi Mize. Mpe."

Krimu ikapenya chini ya mlango.

Hazitapona Ijumaa, alijua. Akanawa taratibu, akapaka kidogo, shavu lililochubuka akaliacha lipumzike. Kisha akakaa kitandani. Komeo bado limo, na nje hawajaondoka.