Kitovu cha Okomo

Alasiri, alipomaliza kushona kaptula za shule, Justa Okech aliifunika cherehani yake kwa kanga kuukuu, akanawa mikono kwa sabuni ya mche mpaka viwikoni, akatoka Mkolani kwenda posta kumshika mjukuu wake. Alikuta foleni fupi. Zakia Mbaruku, mkuu wa ile posta ndogo, alimwamkia kutoka dirishani.

“Shikamoo, Mama Sharon.”

“Marahaba, mwanangu. Nani yumo?”

“Mzee Shimba, anamalizia. Pasha mikono kwanza, kikombe cha chai hicho hapo.”

Mambo haya yalianza pale barua na vifurushi vya ng'ambo vilipokwama. Wakubwa wa nchi za mbali walikuwa wakivutana kuhusu ushuru mpya, ndege zikaacha kubeba magunia ya posta, na magunia yakalala katika viwanja ambavyo hata majina yake hayatamkiki. Ndani ya gunia mojawapo kulikuwa na kikopo chenye kitovu cha mtoto wa Sharon, binti yake Justa aliyekuwa akiishi ng'ambo. Kwenye karatasi ya forodha Sharon alikuwa ameandika “kitu cha nyumbani”, na hakudanganya. Baba wa mtoto aliingia mitini mapema, kwa hiyo kitovu kilikuwa cha kuzikwa kwa akina Justa. Na kwa ukoo wao kitovu huzikwa na bibi, kabla mtoto hajaanza kutembea. Kikichelewa, mtoto atatembea, ndiyo, lakini popote atakapofika hatapaita kwao. Justa alishawaona watu wa namna hiyo, na mjukuu wake, aliyepewa jina la Okomo kwa heshima ya marehemu babu yake, hakutaka awe mmoja wao hata kidogo.

Kumfuata huko aliko ilishindikana. Mara mbili ofisi ya viza ilimnyima, ikisema haiamini kwamba atarudi. Justa alichukia mpaka akacheka. Abaki huko, cherehani amwachie nani?

Sanduku la posta alilopokelea barua za Sharon lilikuwa la kanisa, na nusu ya waumini walilitumia kama anwani yao. Siku moja katika ule ukame wa barua, Justa alilifungua akaingiza mkono kupapasa, pengine kuna bahasha imenasa huko nyuma, na mkono mwingine ukamshika. Ulikuwa wa baridi kama sangara aliyelala kwenye barafu. Akaupapasa, akakuta kovu la pasi chini ya kidole gumba, akajua ni Sharon, amesimama kwenye theluji mbele ya sanduku lake, naye anatafuta barua. Walishikana mpaka posta ikafungwa.

Zakia alipoelezwa, aliuliza jambo moja tu: mkono ulipita mtupu au umeshika kitu? Maana kitu lazima kipitie forodha. Wakajaribu soksi ya mtoto. Mkono wa Justa ulifika, soksi ikabaki Mwanza. Zakia akasema ndivyo inavyotakiwa.

Mwanamke yule, acha tu. Mwingine angelifunga sanduku kwa kufuli akaandika barua Dar kuomba maelekezo. Zakia alileta msasa kutoka nyumbani kwake akaulainisha ukingo wa bati, usimchubue mtu. Akaweka benchi kwa ajili ya wazee, na chupa ya chai ili watu wapashe mikono kabla ya kuiingiza kwenye ile baridi. Kila asubuhi alipiga simu kuuliza gunia liko wapi. Alipiga Dar, alipiga Nairobi, alipiga mpaka kwa watu wasiojua kama Mwanza ni mji au ni ugonjwa, na wote aliwasalimia kwanza.

Kwa kuwa sanduku lilikuwa la wengi, makosa hayakukosekana. Wiki nzima Mzee Shimba aliushika mkono wa mwanawe Nathaniel, akiukanda na kuuombea, ndipo akagundua kwamba una vidole vyote. Nathaniel alikatwa kidole kiwandani Nyakato kabla hajasafiri. Shimba hakuuachia.

“Naye ni mtoto wa watu,” alisema. “Ana sugu huyu. Anafanya kazi.”

Alasiri ile ya kaptula za shule, Shimba alipochomoa mkono, Justa aliingiza wake mpaka begani. Sharon aliupokea akauelekeza kwa mtoto. Justa alishika kichwa, akashika masikio yaliyosimama kama ya marehemu mumewe, akashuka mpaka magotini. Magoti yalikuwa yamenyooka, yanatetemeka.

“Zakia! Mtoto amesimama!”

“Kashikilia kitu au mwenyewe?”

“Kamshikilia mama yake.”

“Basi bado hatujachelewa,” alisema Zakia, akanyanyua simu.

Justa alirudisha kidole mashavuni, na Okomo akaking'ata. Tayari alikuwa na meno mawili. Bibi yake alipiga kelele ya furaha iliyowafanya watu wa dirishani wageuke, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Haikupita wiki, wakubwa wakapatana na huduma zikarejea kwa mkupuo. Gari lilishusha magunia mpaka mlango wa posta ukakosa pa kufungukia. Zakia alisimama mbele ya masanduku, amekumbatia bahasha mpaka kidevuni.

“Jamani, naomba mtoe mikono. Barua zinaingia.”

Hakuna aliyenung'unika. Kila mtu alipita kwa zamu, akaubana mkono wa mtu wake, akauachia. Mzee Shimba alitoka wa mwisho, akijifuta macho kwa mkono uliokuwa bado wa baridi.

Zakia hakula mchana huo. Alipekua gunia moja baada ya jingine mpaka akakipata kikopo, akapanda bodaboda na kukipeleka mwenyewe Mkolani, amekipakata. Justa alichimba nyuma ya nyumba, katikati ya majabali, huku Zakia amemshikia miwani. Walifukia, wakashindilia udongo kwa miguu. Kabla hawajanawa, Sharon alipiga simu. Okomo ameachia kiti, ametembea mpaka mlangoni, kisha amegeuka akarudi.

“Amerudi,” Justa alimwambia Zakia, na wote wawili wakalia pale pale kwenye majabali.

Justa aliomba viza kwa mara ya tatu. Kijana wa dirishani, mpole kabisa, alitaka kielelezo cha uhusiano wake na mtoto. Justa alimwonyesha kidole chenye alama za meno mawili. Kijana alikitazama kwa makini, akasema kielelezo chochote lazima kigongwe muhuri wa wakili. Justa alikwenda kwa wakili, kidole kikagongwa muhuri, naye akakirudisha bila kukinawa. Majibu yalikuja kwa posta, haraka sana safari hii, maana huduma zilikuwa zimetengemaa. Kielelezo kimepokelewa na hakina kasoro. Viza imekataliwa, kwa kuwa haiaminiki kwamba atarudi.

Aliisoma barua hiyo amesimama mbele ya sanduku la kanisa. Ndani zilibaki barua za wengine, na kadi ya Nathaniel kwa baba yake. Justa alizisogeza pembeni akaingiza mkono. Mwisho wa vidole alikuta bati, gumu, la baridi. Akagonga mara moja kwa kidole chenye muhuri.

Upande wa pili kiganja kidogo kilipiga bati, kikapiga tena.

Justa alifunga sanduku, akamrudishia Zakia ufunguo dirishani.

“Yupo?” aliuliza Zakia.

“Yupo,” alisema Justa. “Anagonga afunguliwe.”