Kilomita Kumi na Saba

Kisoda alikuwa juu ya tangi la maji, amekumbatia bomba kama kupe sikioni mwa ng'ombe. Mimi nilikuwa chini, nikitoa amri kama jemadari.

"Unaiona reli?"

"Naona mbuzi."

"Tazama mbele ya mbuzi, bwana!"

"Mbele ya mbuzi kuna mbuzi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka hadi nikakaa chini.

Mama yake alikuwa anakwenda kufanya kazi za ndani ng'ambo, mkataba wa miaka minne. Alimwandikia kwamba treni yake ingepita kwenye uwanda ulio mbele ya shule yetu Jumamosi saa tisa alasiri, kilomita kumi na saba kutoka bwenini kwetu. Shule ilimnyima ruhusa. Basi akanijia mimi, bingwa wa hisabati wa kujitangaza. Nilijua kwamba juu ya paa la bweni, mita sita, jicho hufika kilomita tisa hivi. Nikakohoa kama hakimu.

"Ukipanda mara mbili, utaona mara mbili. Tangi lina mita kumi na mbili. Kazi kwisha."

"Na ule mnara wa simu nyuma ya jiko? Una ishirini na tano."

"Wa nini huo? Unataka kumwona mama au malaika?"

Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Kisoda akashuka, mapaja yamejaa kutu.

"Hakuwemo," alisema. "Hata treni yenyewe hakuna. Mama kanidanganya ili nisilie."

Jumatatu mwalimu wa jiografia alirudisha madaftari. Kwenye langu, chini ya hesabu yangu ile ile ya kupanda mara mbili, palikuwa na wino mwekundu: *Ili upeo wa macho uwe mara mbili, kimo kiwe mara nne.* Mara nne. Mita ishirini na nne. Kisoda, tuliyekaa naye dawati moja, akanyoosha shingo.

"Umepata?"

"Nimepata," nikasema, nikafunika ukurasa kwa kiwiko.

Huu ni mwaka wa pili. Barua za ng'ambo huja kila mwezi, na stempu zake nzuri, na Kisoda hazifungui. Mimi mwenye neno kwa kila mtu, hata kwa mkuu wa shule, sijapata neno moja la kumwambia. Jana, wakati wa kujisomea, alinisukumia bahasha mpya juu ya dawati.

"Chukua, Profesa. Nyuma ni peupe. Fanyia hesabu zako."

Nikaichukua. Nikafanya hesabu.