Ndani ya Biringanya Hakuna Mtu

Ukiuliza kuna nani ndani ya Nasugoro, mji mzima utakujibu neno moja: hakuna mtu. Nasugoro ni biringanya. Amezaliwa mashambani kwetu Kurehara, anapenda ngoma na barafu ya kusaga, na siku yake ya kuzaliwa ofisi ya mji humkatia keki. Mwili wake ni wa zambarau, kofia ya kijani, macho kama sahani, na mikono yake ni mifupi hata pua hawezi kujikuna. Kila mji nchini kwetu una mdoli wake mkubwa wa kutembea namna hiyo. Majirani zetu wana kitunguu chenye masharubu, na tangu kionyeshwe kwenye televisheni hatusalimiani nao vizuri.

Basi, ndani hakuna mtu. Nakuhakikishia mimi, ambaye nilikuwa ndani.

Mambo yalianzia kwenye mazoezi ya redio. Sisi wazee wa mtaa hukutana kila asubuhi uwanja wa hekalu. Redio inapiga kinanda, tunainua mikono, tunashusha mikono, na katikati tunasengenya. Pembeni yangu husimama Mzee Tokuzo, aliyekuwa mtengeneza tofu wetu, ile jibini ya soya, mpaka alipofunga duka. Yeye mjane, mimi mjane, na ulimi wake ni mkali karibu kama wangu.

"Bi Hisano, leo mkono umepanda. Umeutia mafuta?"

"Wangu umepanda. Wako bado unaomba ruhusa."

Kwa kawaida hapo hucheka. Asubuhi hiyo hakucheka. Alitazama viatu vyake akasema mwanawe amemwandalia chumba huko Osaka, na sikukuu ya Bon, ile ya kuwakaribisha wafu wetu nyumbani, ikiisha tu atahama.

"Ukafanye nini Osaka?"

"Nikakae."

"Si hata hapa unakaa?"

"Hapa nakaa peke yangu, Bi Hisano."

Nilikuwa na la kumwambia. Lilifika hapa kooni, na lililotoka ni hili: "Osaka kuna joto."

Ndivyo tulivyo watu wa rika letu. Marehemu mume wangu alikuwa akiingia nyumbani na maneno matatu: kuoga, chakula, kulala. Alikuwa mtu mwema, namkumbuka sana, lakini mazungumzo yake siyakumbuki kwa sababu hayakuwepo. Tokuzo ndiye mwanamume wa kwanza kunijibu. Akienda zake nitainua mikono na nani? Na mwanamke wa umri wangu atamwambiaje mzee wa watu asiende? Mtaa ungepata cha kula mpaka mwaka mpya.

Nilikuwa bado nimenuna alipokuja Bi Orihara wa ofisi ya mji, mwanamke wa kutembea mbiombio, na sikukuu iko mlangoni.

"Bibi Hisano, samahani, una urefu gani?"

"Wa kutosha. Miguu inafika chini."

Akanivuta nyuma ya kengele ya hekalu na kuninong'oneza. Yule kijana ambaye si yeye anayekuwa Nasugoro, kwa sababu hakuna mtu ndani, alikuwa ameumia mgongo. Vazi lilishonwa dogo, na ofisi nzima hakuna mfupi isipokuwa mkuu wa mji mwenyewe, naye hawezi kutoa hotuba huku akiwa biringanya.

"Masharti ni haya, bibi. Husemi. Huvui kichwa mbele za watu. Na humwambii mtu, hata jirani."

"Mimi? Nisiseme?"

"Ndiyo maana hakuna atakayekushuku."

Nimesoma shule ya msingi tu, lakini matusi nayatambua hata yakija yamevaa soksi nyeupe. Nikakubali hata hivyo. Kuwa biringanya hakuhitaji cheti.

Siku ya ngoma ya Bon walinifunga vifuko vya barafu makwapani na shingoni, wakanitia ndani, wakavuta zipu. Joto lake! Unaona kwa tundu dogo mdomoni, basi. Watoto walinirukia, nikawapungia kwa vimkono vyangu. Kilichonishangaza ni watu wazima. Mke wa mwenye duka la dawa, mwanamke asiyepaza hata chafya, alinikumbatia akaninong'oneza: "Nasugoro, mama mkwe akitia tena mkono kwenye sufuria yangu, nitampika yeye." Kisha akainama kwa adabu, akaenda kumshika huyohuyo mama mkwe mkono. Karani mmoja wa benki alinisimulia namna anavyomchukia bosi wake, mpaka miwani ikaingia ukungu. Watu wa mji wangu nimeishi nao maisha yangu yote, na wote huniambia hali ya hewa. Kumbe maneno wanayo. Walikuwa wanangojea biringanya.

Jua likiwa linaelekea kuzama, nimesimama juu ya kijilima cha hekalu napunga upepo, akaja Tokuzo. Alikuwa amevaa vazi lake la pamba la kiangazi, nywele amezilowesha na kuzichana. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Hujambo, Nasugoro. Ah, wewe hujibu. Vizuri. Leo nataka asiyejibu. Kuna mmoja namjua, yeye anajibu hata redio."

Nikauma ulimi.

"Sogea hapa kivulini. Goti lako hilo halipendi kusimama sana."

Nikasogea. Akakohoa.

"Mwanangu anakuja kunichukua. Mtoto mwema, sina la kumlaumu. Lakini sitaki kwenda. Nataka..." Akajifuta shingo. "Nataka mambo ya supu ya miso ya kila asubuhi. Na Bi Hisano."

Moyo ulinipiga mpaka barafu za kwapani zikagongana. Kwetu mwanamume hasemi nataka kukuoa. Husema angependa kunywa supu yako kila asubuhi, na hakuna mwanamke anayedhani anaongelea supu.

"Tatizo," akaendelea, "supu yake niliionja kwenye mkutano wa mtaa. Chumvi! Bahari ina nafuu."

Mshenzi huyu! Ningekuwa na mikono ya kawaida ningemshika sikio.

"Kwa hiyo nimewaza nimpikie mimi. Tofu najua. Supu nitajifunza. Kila asubuhi nimpikie mimi, yeye kazi yake iwe kukosoa. Atakubali, unadhani? Nijibu, Nasugoro. Ukikaa kimya nitajua ni hapana, nami nitaenda kufunga mizigo."

Akasimama ananitazama kwenye macho yangu ya sahani, mikono amefumbata kama mtoto anayengoja matokeo.

Sasa niambie, ungefanyaje? Kusema siruhusiwi. Kuvua kichwa siruhusiwi, watoto wamejaa, na Bi Orihara ana macho kama kipanga. Nikaamua kuitikia kwa kichwa. Lakini biringanya halina shingo. Kichwa ndicho kiwiliwili, kiwiliwili ndicho kichwa. Ukitaka kuitikia, unainama wote.

Niliinama wote. Nikainama kwa moyo wangu wote, na moyo wangu ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nikamwona Tokuzo, nikaona majani, nikaona mbingu, nikamwona tena Tokuzo akiwa kichwa chini. Nilibingirika kijilima kizima, nikapita kibanda cha barafu ya kusaga, wachezaji wakanipisha, nikaja kusimama chali chini ya jukwaa la ngoma. Mpiga ngoma akaacha kupiga.

Sikuumia, sifongo ilikuwa nene. Lakini nilishikwa na kicheko. Nacho kicheko changu kinajulikana. Watu husema ni cha kuku aliyetaga yai kubwa kuliko alivyokusudia. Nilijaribu kukimeza, kikarudi kwa nguvu zaidi. Uwanja mzima uligeuka kutazama, biringanya liko chali linachekelea angani.

Msichana mdogo akasema kwa sauti safi: "Mama, Nasugoro anacheka kama Bibi Hisano!"

Nikajua nimekwisha.

"Acha upuuzi," mama yake akasema. "Ndani hakuna mtu."

"Hakuna kabisa," akasema karani wa benki, anafuta miwani.

"Mabiringanya ya mwaka huu yana sauti," akasema mke wa mwenye duka la dawa. "Ni kwa sababu ya mvua."

"Kweli, mvua ilikuwa nyingi," akadakia mama mkwe wake, na sijapata kuwaona wale wawili wakikubaliana jambo kabla ya siku ile.

Bi Orihara akashika kipaza sauti. "Ndugu wapendwa, leo Nasugoro amefurahi mno!" Watu wakapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyetabasamu vibaya. Nakwambia, naupenda mji wangu, lakini dakika ile niliupenda mpaka nikatamani kuukumbatia wote, ila mikono haikufika.

Tokuzo akafika anahema, kandambili moja ameishika mkononi. Akainama juu yangu.

"Nasugoro. Ile ilikuwa ni ndiyo, au umeteleza?"

Nikiwa chali vilevile, nikainua vimkono vyangu viwili juu. Nikavishusha. Nikavipanua pembeni. Nikavishusha. Zoezi la kwanza la redio, bila redio.

Kisha naye, mbele ya mji mzima, na kandambili yake mkononi, akainua mikono na kuishusha. Wazee waliokuwa wamekaa kwenye mikeka wakadhani ni utaratibu, wakainuka wakafuata. Mpiga ngoma akaona afadhali apige. Ndiyo ikawa mara ya kwanza na ya mwisho Kurehara kucheza Bon kwa mazoezi ya asubuhi.

Nikiwa nyumbani najikanda goti langu bovu la siku zote kwa mafuta ya kafuri, ndipo nikashtuka. Tokuzo alisema goti. Biringanya lina goti tangu lini?

Mzee mjanja yule! Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Juu ya madhabahu ya nyumbani lilikuwepo biringanya jingine, dogo, la vijiti vinne kama miguu ya ng'ombe, ambalo wafu wetu hulipanda Bon ikiisha ili warudi kwao taratibu. Nikamwambia marehemu mume wangu: "Baba, wewe panda lako uende salama. Mimi langu limeshanibwaga."

Hakujibu. Sikushangaa.

Mwanawe Tokuzo alikuja kumchukua, akakuta baba hajafunga hata soksi. Akakaa, akanywa supu, akaomba ya pili, akarudi Osaka na ndoo ya tofu. Lakini kabla ya hapo, asubuhi ya pili yake baada ya ngoma, Tokuzo aligonga mlango wangu, sufuria mikononi imefunikwa kwa taulo. Aliingia, akamimina, akaketi. Nikaonja.

"Haina chumvi," nikasema.

"Kesho nitaongeza." Akapuliza bakuli lake. "Nasikia jana Nasugoro alianguka."

"Hata mimi nasikia."

"Hakuumia?"

"Kidogo tu. Goti."

"Umejuaje?"

"Aliniambia mwenyewe."

"Ajabu," akasema Tokuzo. "Mimi nilidhani hasemi." Akanisogezea bakuli jingine.