Birika la Petroli

Tangu asubuhi sikuwa nimetulia. Nesi alinionyesha benchi mara mbili, na mara zote mbili nilikaa, nikainuka. Wodini alilala wifi yangu, mikono yote imefungwa bandeji mpaka viwikoni. Mumewe, mdogo wangu, alikuwa anarudi kutoka safarini, na lazima angeuliza ilikuwaje.

Ilikuwaje? Karakana yetu inashona sare, na tuna mashine moja ya kudarizi inayodeka kama mtoto wa mwisho. Umeme ukikatika ikiwa katikati ya kudarizi ua, inasahau ilipofikia, na kitambaa kinakuwa cha kutupa. Kwa hiyo jenereta inayoiendesha haizimwi. Petroli tunaiongeza ikinguruma, kwa birika la chai lenye mdomo mrefu, taratibu, hata muuguzi anayepima dawa haoni ndani. Ufundi huo niliubuni mimi, na nilijisifu nao, mjinga mimi.

Jana mchana wifi alisita, birika mkononi.

"Wifi, imechemka kweli leo. Nizime ipoe kidogo?"

"Limebaki ua moja," nilimjibu bila kuinua macho. "Mimina, acha woga."

Akamimina. Nilisikia mvumo kama mtu anakung'uta shuka, kisha mayowe yake. Nilimzima moto kwa jora zima la kitambaa, jenereta bado ikinguruma.

Nilikuwa kando ya kitanda mdogo wangu alipoingia wodini anahema. Hakunisalimia.

"Nimekwambia mara ngapi uzime kwanza?" alimfokea mkewe. "Mara ngapi?"

"Nilisahau," wifi alisema. "Haraka zangu tu."

Alinitupia jicho, akageukia ukuta. Alikuwa amenipa njia, na nasema kweli, niliitaka. Nilishapiga hatua mbili kuelekea mlangoni.

"Wewe na usahaulifu wako! Sasa mtoto wetu utambebaje?"

Miguu ikagoma.

"Hakusahau," nilisema. "Aliniuliza azime. Mimi nikamkataza."

Mdogo wangu alikaa polepole ukingoni mwa kitanda, akafunika uso. Heri angenitukana.

Wifi ndiye aliyesema, bado anatazama ukuta.

"Na lile ua?"

Nilitamani kumdanganya kwamba liliungua.

"Lilikwisha," nilisema. "Halina hata uzi mmoja uliokosea."